Jambazi wa Katuni na Sauti ya Muktar

Saa nane mchana ya Jumamosi, jua la Sultan Hamud likiwa kali hata mbwa wamekimbilia chini ya malori, Kalunde Mutie anajifanya jambazi. Yuko peke yake katika ukumbi wa video wa Mbuvi, mbele ya televisheni iliyozimwa sauti. Anaguna, anakoroma, anajaribu sauti hii na ile.

"Hapana, hii ni ya pasta wetu," anasema, akitikisa kichwa. "Nisirudie makosa."

Kila Jumamosi watoto huja hapa kutazama katuni. Filamu ni za Kiingereza, watazamaji ni wa Kikamba. Kwa hivyo Kalunde, aliyekuwa mwalimu wa shule ya nasari, husimama kando ya televisheni akiwasemea wanyama, wafalme na wachawi wote. Hulipwa shilingi mia mbili. Ijumaa huitazama kanda kwanza, aamue kama itawatisha watoto. Kanisani wazazi humwamini: Mwalimu akisema katuni ni safi, basi ni safi.

Februari mwaka huu wa 1994 ilikuja katuni ya jambazi wa jangwani, kilemba kichwani, kisu mkononi, anayeiba ngamia. Nthenya mdogo alilia hadi akajikojolea, na wazazi wakanung'unika. Jumamosi iliyofuata watoto waliitaka tena, sasa Kalunde akapata dawa: akampa jambazi sauti ya kuchekesha. Sauti ya Muktar, Msomali mwenye duka la nguo ng'ambo ya barabara.

Aiya! Watoto walicheka wakashika mbavu, hata Nthenya. Kalunde naye akavimba kichwa.

Shamis, binti wa Muktar mwenye miaka tisa, alikuwa kwenye benchi la mbele, mahali pake pa siku zote. Alicheka pia mwanzoni, mpaka wenzake walipogeuka kumtazama.

Jumatatu yake watoto walipita dukani wakiiga sauti ile na kupiga kelele, "Mwizi wa ngamia!" Shamis hajarudi ukumbini tena. Majuto ni mjukuu, na Kalunde amembeba wake mgongoni tangu siku hiyo.

"Mimi niliangalia kisu," anajisemea, machozi yakimlenga. "Kilemba sikukiona. Halafu nikachukua sauti ya jirani nikaitia kwa mdomo wa mwizi, ati nawatoa watoto woga!"

Juzi alienda dukani. Muktar alimkaribisha chai kama kawaida.

"Mwalimu, mimi nimezoea maneno ya watu," akamwambia. "Lakini huyu mtoto, ongea naye mwenyewe."

Kalunde akamweleza Shamis kwamba katuni ile itarudi Jumamosi, na jambazi atakuwa na sauti nyingine. Msichana hakuinua macho.

"Hata ukibadilisha, Mwalimu, wataniangalia tu."

Saa tisa ukumbi umejaa, isipokuwa pale mbele, mahali pa Shamis, ambapo Kalunde amekataza mtu kukaa. Mbuvi anataka kufunga mlango, maana mwanga ukiingia picha haionekani.

"Wacha wazi," Kalunde anamwambia.

"Sasa wataona nini?"

"Wasikie kwanza."

Sauti ya jambazi ameshaipata: ni yake mwenyewe. Lakini kanda bado hajaitia kwenye mashine. Anasimama mlangoni, anapaza sauti ivuke barabara.

"Watoto, baba ya Shamis hajaiba kitu cha mtu. Mwizi ni mimi. Niliiba sauti yake."

Ng'ambo, kati ya leso zilizotundikwa dukani, Shamis anachungulia. Watoto wanaanza kulalamika kwamba wanachelewa, lakini Kalunde haondoki mlangoni.