Siku Fundi Alipoamkia kwa Adabu

Fundi cherehani wetu wa Kingoni, hapa sokoni Iringa, hushona kaptula za makarani wa boma, lakini kazi yake hasa iko mdomoni. Hubana pini tatu kwenye midomo, na bado maneno yanapita bila kuchomwa. Kila asubuhi humvizia Rozalia, mama wa Kihehe anayeuza maziwa. "Mtani, leo umetia maji ndoo ngapi?" Rozalia hatui hata kibuyu. "Nyamaza, Mngoni. Babu yako alivyotukimbia aliacha ngao, mpaka leo nafunikia chungu."

Juzi Rozalia alipofika, fundi alisimama, akavua kofia. "Shikamoo, mama."

Rozalia akatua kibuyu taratibu. "Nani amekufa?"

"Mama yangu. Barua imekuja na lori la Songea."

Sisi wa barazani tulikuwa bado tunatafuta pole ya kusema. Rozalia alimvua fundi tepu shingoni, akaanza kumpima toka utosini mpaka kwenye visigino. "Simama wima, nakupima kaburi. Mama yako amekwisha pumzika na kelele zako. Na sisi je, tutapumzika lini?"

Fundi alitema pini zote tatu, akacheka, ndipo akaweza kulia.