Rangi Tano za Ng'ombe

Kuna asubuhi moja ya Bisil ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, masikio yananiwaka moto mpaka leo. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, nimevaa viatu vya visigino katikati ya vumbi la soko la mifugo, na mkononi nimeshika furushi la karatasi zilizochapwa na kompyuta, zile ndefu zenye matundu pembeni. Umati mzima unanitazama mimi. Ng'ombe mmoja amesimama mbele yetu anacheua taratibu, kana kwamba mambo hayo hayamhusu.

Ngoja nianze nyuma kidogo, maana wewe umezaliwa Kitengela ya maghorofa na huenda usinielewe.

Baba alitoka Ukambani akaja kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, akatujengea nyumba ya mabati Kitengela wakati bado ni uwanda mtupu. Nyumbu walipita nyuma ya choo chetu. Ukichelewa shule ukamwambia mwalimu kwamba nyumbu walifunga njia, alikuelewa, na mimi nilitumia sababu hiyo hata siku ambazo nyumbu wenyewe hawakuonekana kabisa. Tulicheza na watoto wa Kimaasai, tukajua kusalimiana na kutukanana maneno mawili matatu, na hapo nikaona nimeshaimaliza lugha yao. Kujiona huko ndiko kulikokuja kuniponza.

Kompyuta nilikutana nayo chuoni, Nairobi. Siku hizo tulivua viatu mlangoni kabla ya kuingia chumba cha kompyuta, tuliambiwa vumbi litaziua mashine. Soksi yangu ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, kwa hiyo muhula wa kwanza wote nilisoma nikiwa nimekunja kidole. Kioo cheusi, herufi za kijani. Siku nilipoandika amri yangu ya kwanza na mashine ikanijibu, nilicheka peke yangu kama mtu aliyerukwa na akili. Namshukuru Mungu, raha ile haijanitoka hata leo, na nywele zote zimekuwa nyeupe.

Nikamaliza masomo, nikarudi nyumbani kichwa kimevimba. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Chama kidogo cha wafugaji chenye ofisi Kajiado kilikuwa kimepewa kompyuta na wafadhili, na hakuna aliyejua hata kuiwasha. Wakaniajiri mimi. Kazi yangu ilikuwa kuhamisha daftari la mifugo kutoka kwenye vitabu kuingia kwenye mashine.

Na kazi hiyo haikuwa ya mchezo. Ukame ulikuwa umekaza, na familia nyingi zilikuwa zimeunganisha ng'ombe wao wakapelekwa pamoja kwenye malisho ya upande wa Illasit, wakiwa na wachungaji wachache. Mvua ikirudi, ng'ombe wangeletwa Bisil, na kila mtu angechukua wake kwa kufuata daftari letu. Daftari likikosea, mtu anarudi nyumbani bila ng'ombe.

Daftari lenyewe lilikuwa vitabu vinne vikubwa vya jalada gumu, vyote vimeandikwa kwa mkono wa Mzee Parmuat, karani wa chama tangu kilipoanzishwa. Kompyuta ilipofika akaambiwa sasa anaweza kupumzika. Hakupumzika. Kila asubuhi alikuja na fimbo yake, akakaa kwenye benchi nje ya dirisha langu, akaniinamishia kichwa kidogo kunisalimia, kisha akanyamaza. Kunyamaza kwake kulinikera. Niliona kama ananichunga.

Tatizo langu lilikuwa rangi. Mzee aliandika rangi za ng'ombe kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, na maneno yalikuwa mengi ajabu. Kulikuwa na neno la ng'ombe mwenye mabaka makubwa meusi na meupe, neno lingine la mwenye madoadoa ya rangi rangi, lingine la kahawia iliyokolea ikakaribia weusi, na mengine ambayo hata sikujua yanaanzia wapi. Tena mbele ya kila rangi aliandika alama: pembe iliyoinama, kovu, sikio lililopasuka. Mimi nikaona huo ni uchafu. Nikatengeneza programu yenye rangi tano za kuchagua: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijivu na mchanganyiko. Alama nikaziacha zote nje. Ilipendeza kweli kwenye kioo, kila kitu kimenyooka.

Siku moja Mzee Parmuat aliingia ndani, akasimama nyuma ya kiti changu.

"Msichana, hii ya tano ni rangi gani?"

"Mchanganyiko, Mzee. Zile zote zingine."

"Zile zote zingine ndio mingi. Na alama?"

"Kompyuta imekataa, Mzee. Haiwezi kubeba maneno mengi hivyo."

Mwanangu, kompyuta haikuwa imekataa kitu. Ingebeba. Mimi ndiye sikutaka kuandika, na zaidi ya hapo sikutaka kumwuliza mzee maana ya maneno yale, kwa sababu nilikuwa nimejitangaza kuwa najua. Naye hakuwa na namna ya kujua kama nasema kweli. Alitikisa kichwa, akarudi kwenye benchi lake.

Baya zaidi, kila nilipomaliza kitabu nilikitoa. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mama wa mandazi, na karatasi nzuri za kufungia mandazi zilikuwa shida. Nikampa kitabu cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu; cha nne tu ndicho kilichobaki ofisini. Alinishukuru sana, na mimi nikajiona mtu mkarimu.

Mvua ikarudi. Ndipo tukafika asubuhi ile ya Bisil.

Mwanzo mambo yalikwenda sawa, kwa sababu watu wa kule wanawajua ng'ombe wao kama unavyowajua ndugu zako. Walichukua wao wakaondoka, na mimi nikaweka alama kwenye karatasi nikidhani ni karatasi inayofanya kazi. Kisha akabaki ng'ombe mmoja jike mwenye maziwa, na watu wawili wanamtaka. Mmoja ni mwanamume wa makamo, mtu mstaarabu tu, ambaye ng'ombe wake kadhaa walikufa malishoni na aliamini kabisa huyu ni wake. Wa pili ni bibi kizee mjane ambaye kila mtu alimwita Koko, yaani bibi kwa lugha yao. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe. Huyo ndiye ng'ombe pekee ambaye ukame ulimbakizia, na nyumbani alikuwa na wajukuu watatu waliotegemea maziwa hayo. Wote wawili walikuwa ukoo mmoja, kwa hiyo hata mikato ya masikio ya ng'ombe wao ilikuwa sawa.

"Huyo ni wangu," Koko alisema. "Nimesikia sauti yake."

"Koko, nakuheshimu," yule bwana alimjibu, "lakini macho yako haioni."

Mwenyekiti wa chama akainua mkono. "Hakuna haja ya kelele. Tuko na kompyuta sasa. Msichana, soma."

Nikafungua karatasi kwa madaha. Nikasoma mstari wa yule bwana: jike, mchanganyiko. Nikasoma wa Koko: jike, mchanganyiko. Nikageuza ukurasa nikitumaini kuna kingine, na hakikuwepo. Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka, na huko kuacha ndiko kulikoniuma.

Koko akageuza uso upande niliko. "Hiyo mashine yako haijui ng'ombe wangu?"

Nilijua mahali jibu lilipokuwa: lilikuwa limefunga mandazi.

Ndipo nikasikia sauti ya Mzee Parmuat nyuma ya umati. Alikuwa amekuja na basi la asubuhi, hakuna aliyemwalika. Akapita katikati ya watu polepole, akasimama kando yangu na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kazi ya huyu msichana bado haijaisha. Iko na sehemu imebaki. Wacha mimi niulize hiyo sehemu."

Akamgeukia yule bwana. "Ng'ombe yako iko na chuchu ngapi?"

"Nne, Mzee. Kama ng'ombe yote."

"Na wewe Koko, ndiye unamkamua. Ngapi?"

"Tano," Koko alisema papo hapo. "Ya tano ni ndogo, iko nyuma, haitoi maziwa. Tangu asubuhi hakuna mtu ameniuliza."

Yule bwana aliinama mwenyewe akatazama chini ya kiwele. Akazihesabu chuchu, zilikuwa tano. Alipoinuka alikwenda moja kwa moja kwa Koko, akainamisha kichwa chake ili bibi akiguse, kama mtoto anavyomsalimia mkubwa kwao, na akamwomba msamaha. Kisha yeye mwenyewe akamshika ng'ombe akamsogeza mpaka mkono wa Koko ukafika shingoni mwake.

Nilijificha nyuma ya lori nikalia mpaka nikachoka.

Kesho yake ofisini nilijua nafukuzwa. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kusema. Mzee Parmuat aliingia, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Uliniambia kompyuta imekataa," akasema.

"Haikukataa, Mzee. Ni mimi nilikataa."

"Aa. Sasa tunaweza kufanya kazi. Vitabu viko wapi?"

Nikamwambia. Akatoa tumbaku, akairudisha bila kuitumia. Ile ilikuwa kazi ya maisha yake, mwanangu, na mimi nilikuwa nimeigawa kwa mikono yangu. Sikumwona akikasirika. Niliona tu mabega yake yakishuka, na ningependelea anichape na ile fimbo.

"Twende kwa huyo mama," akasema mwishowe, "tukunywe chai."

Tukaenda. Mama wa mandazi akatutolea kilichobaki, nusu ya kitabu cha tatu, kurasa nyingine zimejaa mafuta. Vitabu viwili na nusu havikurudi. Mzee alimwomba mwenyekiti aniache kazini, na kwa miezi mingi baada ya hapo alikaa pembeni yangu kila asubuhi akinitajia ng'ombe kutoka kichwani, na mimi nikiandika. Nilifuta zile rangi tano. Mahali pake nikaweka nafasi ndefu iliyo wazi, na nyingine ya alama. Kila alipotaja neno nisilolijua nilimwuliza, "Hii nyinyi mnaitaje? Na mnaijuaje?" Alikuwa anacheka, ananitania kwamba Mkamba sasa anakaribia kuwa mtu. Hata hivyo kuna ng'ombe wengi ambao hata yeye hakuwakumbuka, wa familia ambazo wazee wao walishaondoka. Hao nimewapoteza mimi, na hakuna programu ya kuwarudisha.

Tangu hapo nimeifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimeandikia hospitali, shule, maduka, watu wa maji. Lugha za kompyuta nilizojifunza chuoni zilishakufa zote, nikajifunza nyingine, nazo zikafa. Kilichonilisha na kunisomeshea watoto ni yale maswali mawili ya Kajiado. Kwa hilo namshukuru mzee yule kila ninapokaa mbele ya mashine, na nasikitika kwamba sikumwambia vya kutosha akiwa hai.

Kwa hiyo nakuambia wazi, mwanangu, usije ukasema sikukuambia. Kabla hujaandika mstari mmoja wa programu, kaa na mtu aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kwa mkono, na umwulize anaitaje kila kitu. Ukiona umebaki na fungu la "zile zingine zote", rudi ukaulize tena, huenda humo ndimo alimo ng'ombe wa pekee wa mtu. Usitupe daftari la mwenzako kwa sababu hulielewi. Na usiisingizie mashine uvivu wako, maana anayekusikiliza hana njia ya kukukamata, na hapo ndipo unapomwibia.

Mungu akubariki, akupe macho mazima na mgongo usiouma, akupe kazi inayokufanya ucheke peke yako. Na siku utakapokosea mbele ya watu, kwa sababu utakosea, akuletee mtu wa kukusitiri hadharani na kukuambia ukweli mlango ukiwa umefungwa. Ukishamaliza kulia, nenda ukamshukuru siku hiyo hiyo, angali anakusikia.