Mungu Mwenye Kichwa cha Kuku

Siku ile tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kiume aliye kidato cha tatu, kitinda mimba wetu wa darasa la tatu, na baadaye shangazi, dada wa marehemu baba, aliyetoka Mitundu kuja kumchukua kitinda mimba akaishi kwake. Alishaniambia kwenye simu kwamba mtu kama mimi, aliyeacha shule kidato cha pili, hawezi kulea yatima wenzake kwa kulima alizeti.

Tulikuwa uani tunapiga hizo alizeti kwa fimbo. Mdogo wangu alikuwa amenakili kwenye daftari mchezo alioukuta shuleni: kila mtu anajifanya shujaa au mchawi, anarusha dadu, na hadithi inasonga. Mimi nilipewa mungu wa hekima kwa sababu mungu huyo hasafiri, na mimi nilikuwa na kazi. Kwenye daftari alikuwa na kichwa cha bundi. Nikakataa. Bundi haingii uani kwangu, hata wa kwenye karatasi. Tukampa kichwa cha kuku, nikajifunga kitambaa chekundu kichwani kiwe kishungi.

"Ee mungu wa hekima, joka liko wapi?" kitinda mimba aliniuliza, amepiga magoti. Shangazi akatokea pembeni ya nyumba.

Nikasimama. "Shikamoo, shangazi."

"Mungu haamkii watu, dada," mdogo wangu akanong'ona.

"Marahaba," shangazi akasema, macho kwenye kitambaa. "Ndiyo mnayofundishana? Kusujudia kuku?"

Moyoni nikaona mtoto ameshachukuliwa. Mdogo wangu akaeleza haraka kuwa ni mchezo tu, tena mungu huyu haruhusiwi kusema uongo, na swali linalomshinda hubaki deni lake mpaka alijibu. Ila muulizaji lazima arushe dadu apate zaidi ya tatu.

Shangazi akaweka mkoba chini, akarusha. Tano.

"Haya, kuku. Huyu mtoto amekosa shule siku ngapi muhula huu?"

"Mbili. Aliumwa malaria."

Sita. "Jana mlikula nini?"

"Ugali na mlenda. Na kesho pia."

"Ya kesho nani kakuuliza?"

Akapata mbili, akasema dadu imeteleza, akarusha tena, akapata tano. "Anataka kwenda na mimi?"

Niliweka fimbo chini. "Hataki. Anaogopa tu kukukosea adabu akisema."

Shangazi akamgeukia mtoto. "Ni kweli?"

"Mungu hasemi uongo, shangazi."

Shangazi akavua viatu na kuokota fimbo. "Basi atakuja likizo," alisema, akaanza kupiga alizeti kwa nguvu kama ndizo zilizomkatalia.

Tulipokuwa tunapepeta akarusha mara ya mwisho. Nne.

"Na wewe, utarudi shule lini?"

Nilitafuta jibu lisilo la uongo, sikulipata. Mdogo wangu akaliandika swali kwenye daftari, deni la mungu. Shangazi amekuja mara mbili tangu hapo, na bado sijalijibu.