Weupe Juu ya Ufizi wa Hadassa

Bibiane hakuwa mtu wa kuogopa kazi wala watu. Miaka mingi aliuza unga wa mahindi pembeni ya soko la Kikula, katika mji wa shaba upande wa Lubumbashi, akiupima kwa meka, lile kopo la kupimia, na wateja wakorofi walijua kwamba kwake hakuna maneno marefu. Alichoogopa ni vitu vinavyoanza vidogo. Kikohozi kikavu. Upele shingoni. Mtoto anayesukuma sahani na kusema ameshiba wakati hajala. Mumewe Rémy, mchomelea vyuma kiwandani, alimtania kwamba kwa mke wake hata chafya huja na jeneza lake. Bibiane hakucheka. Kaka yake Alphonse alikufa kwa jino.

Ilikuwa kule Kambove, kwenye machimbo, Bibiane akiwa bado msichana. Alphonse alikuwa mchimbaji, mtu wa kupanda kutoka shimoni na kiloba cha mawe mgongoni, na mtu wa namna hiyo haoni jino kuwa ugonjwa. Alinyamaza nalo mpaka shavu likavimba. Mwenzake mmoja akaling'oa kwa koleo. Homa ikapanda, uvimbe ukashuka shingoni, akawa hawezi kumeza hata mate yake, na kabla ya Jumapili walikuwa wameshamzika. Bibiane ndiye aliyemshikia bakuli la kutemea. Mengi ya siku zile yalimtoka kichwani, lakini kitu kimoja hakikumtoka: pale jino lilipotoka, ufizi ulifunikwa na utando mweupe, mzito, kama maziwa yaliyoganda.

Basi mtu aweza kufikiri moyo wake ulikuwaje siku Hadassa, binti yake wa kwanza, aliporudi nyumbani amefunga mdomo kwa kitambaa chenye damu. Wewa, pikipiki ya abiria iliyombeba, iliteleza kwenye changarawe ya mteremko, na uso wake ukagonga kofia ngumu ya dereva. Mifupa yote ilikuwa salama. Jino moja tu la mbele, la juu, lilikuwa limekatika mshazari, na upande mmoja ufa wake ulizama chini ya ufizi.

Dokta Estelle, mwanamke kijana mwenye kliniki ndogo ya meno karibu na reli, alilitazama kwa kioo chake, akapiga picha, akawaeleza bila haraka. Mzizi ulikuwa mzima, haukustahili kung'olewa. Ila kipande kilichobaki nje kilikuwa kifupi mno. Kofia ya jino ingekosa pa kushika, ingedondoka kwenye kipande cha kwanza cha mkate. Kwa hiyo angeua kwanza mshipa wa ndani, kisha angekata ufizi kidogo, akwangue na mfupa kidogo kuzunguka jino, ashone. Hatalivuta jino lishuke. Ataupandisha ufizi, ili sehemu iliyojificha ionekane. Kidonda kikipona ndipo kofia itavalishwa. Njia ya pili ilikuwa kung'oa.

Bibiane alisikia maneno mawili, kukata na kung'oa, na hayo mengine yakampita. Njia nzima ya kurudi alijaribu kumshawishi binti yake waliache jino kama lilivyo, kwani halikuwa likiuma. Hadassa alikuwa mwaka wa mwisho wa kusomea ualimu kule Mulungwishi. Alisimama katikati ya barabara, mkono mdomoni kama alivyozoea tangu aanguke.

"Mama, ni minye nitasimama mbele ya batoto. Bataangalia kinywa yangu, habataangalia ubao."

"Bataangalia siku mbili, batazoea."

"Na minye je? Nitazoea lini?"

Bibiane alianza kutembea tena. Nyumbani Rémy alisema mwili ni wa Hadassa na yeye si mtoto tena. Wakakubaliana apasuliwe.

Siku ya upasuaji Bibiane aliachwa kwenye benchi la nje, mlango ukarudishwa lakini haukufungwa vizuri. Kwenye upenyo aliona viatu vya binti yake, ncha zimeelekea juu, havitikisiki. Alisikia chombo kikilia kwa sauti nyembamba, kikinyamaza, kikilia tena. Halafu umeme ukakatika. Jengo zima likatulia, na katika ule utulivu Bibiane akasikia chuma kidogo kikiwekwa juu ya chuma kingine. Akasimama, akashika kitasa. Kutoka ndani Dokta Estelle alisema taratibu, kana kwamba alimwona kupitia ubao wa mlango, kwamba mama aketi, kazi ya mashine imekwisha, kilichobaki ni sindano na uzi, na dirisha lina mwanga wa kutosha. Viatu vya Hadassa bado havikutikisika. Bibiane aliachia kitasa, akaketi.

Walirudi na nyuzi nyeusi mdomoni, dawa za kumeza, dawa ya kusukutua na amri chache: chakula laini kisicho moto, mswaki usipite pale, mtu asiguse pale. Bibiane alimpikia uji, akaupoza kwa kuumimina kutoka bakuli hadi bakuli. Asubuhi na jioni alimwamuru Hadassa afungue mdomo, akamulika kwa tochi ya simu. Mwanzoni aliona wekundu na uvimbe, akavumilia, maana hayo aliambiwa. Kisha asubuhi moja akaona weupe.

Ulianza kama uzi, pembeni ya mshono. Jioni ulikuwa umetandaa juu ya kidonda chote.

"Inauma?" aliuliza, tochi ikiwa bado mkononi.

"Kidogo tu. Mama, weye unaniangalia kama mutu anatafuta feza yenye ilianguka."

"Mwili unachemka?"

"Hapana. Acha basi nifunge kinywa."

Bibiane alimgusa paji la uso. Halikuwa na homa, lakini Alphonse naye mwanzoni hakuwa na homa. Kesho yake asubuhi alipiga simu ya kliniki, haikupatikana. Akaenda kwa miguu, akakuta mlango umefungwa, na mlinzi akamwambia dokta yuko Lubumbashi, atarudi Alhamisi. Ilikuwa Jumanne. Aliporudi, upepo wa kipwe, majira ya baridi kavu, ulikuwa ukipuliza vumbi jekundu toka upande wa kiwanda cha shaba cha Shituru, na yeye alitembea ameziba mdomo kwa kitenge, akihisi kama kidonda ni chake.

Mzee Lambert, jirani yake, alimwona akipita bila kusalimu, jambo ambalo halikuwa tabia yake, akamwita. Lambert alifanya kazi kiwandani mpaka nywele zikaisha, na kama wazee wengi wa kazi ile aliamini hakuna kitu duniani ambacho kiwanda hakikukijua kwanza. Bibiane alimweleza. Mzee aliingia ndani, akatoka na kopo la maziwa. Ndani yake mlikuwa na jiwe la buluu, zuri, linalong'aa kama kioo, lile ambalo watu wa shaba wanaliita silfati. Alisema amelitumia miaka yote kwa vidonda vya miguu yake na kwato za mbuzi wake, na mbuzi hajawahi kulalamika.

"Mama Hadassa, hii jiwe iko na akili. Inakula nyama yenye ilikufa, ile ya uzima inaacha."

"Hata mu kinywa, ba Lambert?"

"Nyama ni nyama."

Akamvunjia kipande kidogo kama punje ya hindi, akakifunga kwenye karatasi. Alimpa kwa moyo mweupe, kama angempa chumvi.

Nyumbani, Hadassa alikuwa amelala mchana ule, shavu juu ya kiganja, mdomo wazi kidogo. Rémy alikuwa kazini. Bibiane alilisaga jiwe kati ya vijiko viwili mpaka likawa unga wa rangi ya mbingu, akaumimina kwenye ile karatasi, akalowesha pamba, akaichovya. Akapiga magoti kando ya kitanda. Kwa kidole aliinua mdomo wa juu wa binti yake, na weupe ule ukajitokeza mbele yake, mpana kuliko asubuhi, au ndivyo alivyouona. Alimwona Alphonse. Alihesabu moyoni ni saa ngapi zimebaki mpaka Alhamisi na ni umbali gani uvimbe unaweza kusafiri kutoka ufizi hadi koo. Mkono wenye pamba ukasogea.

Kwao, dawa ambayo haikutoka kwa daktari haimfikii mtoto kabla mama yake hajaionja. Hivyo ndivyo mama yake alivyofanya, na mama wa mama yake, kwa kila mzizi na kila jani. Hata mtoto akiwa mkubwa, hata akiwa na watoto wake. Si kwa ajili ya kupima sumu tu. Ni ili mtoto asiwe peke yake ndani ya uchungu. Bibiane alikuwa amesahau kwa sababu ya hofu, na mkono wake ndio uliokumbuka. Akauachia mdomo wa Hadassa, akainua wake mwenyewe, akaikandamiza pamba palepale, juu ya jino la mbele.

Kwanza alisikia ladha ya sarafu. Halafu moto. Haukuja kama pilipili, ambayo hupanda na kushuka. Huu ulichimba, ukabaki, ukaendelea kuchimba. Mate yalimjaa mdomoni, akatoka mbio hadi uani, akatema, akaona mate ya kijani kwenye udongo. Alitapika akiwa ameshika ukuta. Alisukutua maji, akasukutua tena, ndoo nzima ya maji waliyochota asubuhi ikaisha, na moto ulikuwa bado unachimba.

Alipogeuka, Hadassa alikuwa amesimama mlangoni. Mkononi alishika karatasi yenye unga wa buluu.

Bibiane alimwambia ukweli, maneno yakitoka nusunusu kwa sababu mdomo ulikuwa umeshaanza kuvimba. Hadassa alisikiliza mpaka mwisho. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, hakufunika mdomo.

"Ulitaka kuniwekea minye?"

"Ndiyo."

"Na ukaanza na weye."

Hadassa aliikunja ile karatasi, akaenda kuitupa kwenye shimo la choo, akarudi na maji aliyoomba kwa jirani wa nyuma.

Alhamisi walikuwa mlangoni kwa Dokta Estelle kabla hajafungua madirisha. Siku iliyopita Bibiane hakulala wala hakula, na hakuthubutu tena kutazama kidonda. Alijiambia kwamba kama kimeoza, basi kimeoza, na kama hakijaoza asije akakiozesha kwa macho. Safari hii aliruhusiwa kuingia. Alisimama kwenye pembe, mgongo ukutani, kama mtu anayengoja hukumu.

Dokta alimulika, akagusa pembeni kwa pamba, akamsukumia Hadassa mdomo juu zaidi. Alitumia muda mrefu. Kisha akamwita mama asogee.

"Mama, hii nyeupe si usaa. Usaa inanuka, inapiga, inaleta homa. Hii ni ganda ya kidonda. Ku mukono ganda inakauka, inakuwa nyeusi. Mu kinywa hakuna kukauka, inabakia nyeupe. Chini yake nyama mupya iko inaota. Ni kosa yangu, sikuwaambia."

Bibiane aliuliza kama ana hakika. Dokta akasema ana hakika. Bibiane akauliza tena, na dokta akarudia bila kukasirika. Hapo Hadassa, bado amelala kwenye kiti, akasema kwamba sasa atazamwe mama.

Bibiane alikataa, akasukumwa kwa upole, akafungua. Dokta Estelle alipouona ufizi wake, ulioungua na kuchubuka, alisogeza taa karibu. Aliuliza ni nini kiliwekwa. Alipoambiwa, aliweka kioo chini. Hakumlaumu. Alimwambia tu, kwa sauti ndogo, kwamba ufizi wa Bibiane ulikuwa mzima na utapona, lakini wa Hadassa ulikuwa umekatwa na mfupa umekwanguliwa. Jiwe lile lingeua nyama yote mpya, lingefika kwenye mfupa, na jino lisingebaki, pengine hata la jirani yake.

Hapo ndipo hofu kubwa ilipomshika Bibiane, kubwa kuliko ya kwenye benchi. Aliuona mkono wake mwenyewe, na jinsi ulivyokuwa umeukaribia mdomo wa binti yake. Alitafuta kiti, akaketi, akaukalia mkono ule.

Kabla hawajatoka aliuliza jambo moja: je, jino litashika? Dokta alisema hawezi kuahidi. Ufizi ukibaki pale ulipo kwa wiki kadhaa, watavalisha kofia. Ukishuka tena, watazungumza. Kazi ya Hadassa ni kusukutua. Kazi ya mama ni kuacha kukitazama kidonda.

Barabarani jua lilikuwa limepanda, na baridi ilikuwa imeanza kulegea. Hadassa alinunua mkate laini, akautafuna kwa meno ya nyuma, upande wa kushoto, akisimulia jinsi wanafunzi wa Mulungwishi wanavyoigiza mwendo wa walimu wao. Katikati ya hadithi alicheka, mdomo wazi, nyuzi nyeusi zote nje. Shingo ya Bibiane ilitaka kugeuka. Macho yalitaka kuangalia kama weupe umepungua, kama mshono umevutika, kama kuna damu. Alishika ncha ya kitenge chake kwa mikono miwili, akaendelea kutazama mbele, akahesabu pikipiki zilizokuwa zikija, na kila moja ilipowapita alimuuliza binti yake, bila kugeuka, hadithi iliishaje.