Almasi ya Mjomba

Miaka ya hamsini baba yangu alikuwa fundi wa vioo mjini Nakuru, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko vioo vyenyewe. Wachumba wangu wawili alishawafukuza: mmoja kwa kuvuta kamasi, mwingine kwa kusifu chai kupita kiasi. Wa tatu nilimtaka. Nilimtaka mpaka nikakonda, na kukonda kwangu mimi si jambo dogo.

Alikuwa kibarua wa barabara upande wa Baringo. Kwetu mwanamume hajiposei, anatuma mshenga. Yeye akamtuma mjomba wake, bwana wa maneno mengi, na akambebesha jiwe aliloliokota kwenye ufa wa mwamba: refu kama kidole, pande sita, ncha kama ya penseli, angavu unaona upande wa pili. Mwenyewe akabaki nje ameshika baiskeli.

"Mzee, hii ni almasi," mjomba akasema, hata hajakaa vizuri mkekani.

Loo! Nyuma ya pazia moyo wangu ulienda mbio. Mama akalipokea, akalilamba. Lilikuwa baridi. Akaamua ni mvua ya mawe iliyokataa kuyeyuka, akaliweka kwenye sahani, akakaa kulingojea.

"Umejuaje ni almasi?" baba akauliza.

"Si almasi inakata kioo?"

Kabla hajazuiwa mjomba akalinyakua sahanini, akaenda kwenye kioo cha mama ukutani, akalivuta pembe hadi pembe. Krrrr! Mstari mweupe ukabaki. Mama akapiga nduru. Mjomba kwa furaha akageukia chemni ya taa, krrr, halafu picha ya babu, krrr, na angemalizia miwani ya baba pale pale usoni kama baba hangerudi nyuma.

Nyinyi, mtu anaenda kudanganya mambo ya vioo kwa fundi wa vioo! Si heri angesema ameleta ng'ombe.

Baba akatoa mfukoni kalamu yake ya kukatia, ile yenye chembe ya almasi kwenye ncha. Akaokota kipande cha kioo, akaipitisha mara moja, akakigonga kwa kidole. Kikaachana vipande viwili, tik.

"Huku ndiko kukata," akasema. "Wewe umekwaruza. Hata kuku anakwaruza. Beba jiwe lako, sina binti wa kuwapa waongo."

 Nikalia bila aibu, nimeuma pazia.

Mlango ukafunguka. Yule wa baiskeli akaingia, jambo lisilofanywa kabisa, suruali bado imefungwa kamba kifundoni. Alikuwa amesikia yote dirishani.

"Mzee, ni jiwe tu. Mimi sikumwambia mjomba ni almasi. Nilimwambia ni zuri."

"Sasa jiwe umeniletea la nini?"

"Sikukuletea wewe. Nimemletea yeye."

Mjomba akaangalia vidole vya miguu yake. Baba akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi, kisha akamwuliza mama kama kuna chai. Mama, aliyekwisha kulirudisha jiwe sahanini, akasema angoje kwanza, anaona kama linaanza kuyeyuka.

Tukaoana. Zawadi ya baba ilikuwa kile kioo cha mama chenye mstari: "Waliokiharibu ni upande wenu, kaeni nacho."

Jiwe nalo lilinisaidia kulea. Mtoto akishikwa na homa nililiweka kwenye paji la uso, maana baridi yake haikosi. Baadaye bwana yangu alileta la pili, na watoto wakawa wanajifungia kabatini kuyasugua pamoja waone yakitoa mwanga. Mwalimu wao akasema linaitwa kwatzi, wala si kitu cha ajabu. Nikamwambia hajui posa.

Bwana yangu hayupo tena, na ninamkumbuka sana. Kila asubuhi najifunga kitambaa mbele ya kioo kile, mstari ukinipita kutoka sikio hadi kidevu. Wajukuu wanasema wataninunulia kipya. Wajaribu waone.