Mkono Uliofika Mlangoni: Maisha ya Mama Moselantja wa Ha Lebitsa

Alizaliwa majira ya baridi ya mwaka 1931, katika kijiji cha Ha Lebitsa, juu milimani Lesotho, wiki ambayo theluji ilikuwa imefunga njia na hata farasi hawakutoka mazizini. Ndugu zake watatu waliomtangulia walikuwa wamekufa kabla ya kutambaa, kwa hiyo bibi yake akampa jina la Moselantja, yaani mkia wa mbwa, ili kifo kikisikia jina hilo kimdharau na kupita zake. Padre alipokuja kubatiza, aligoma kabisa kumpa Kristo mtoto mwenye jina la mbwa, akamwita Agnesi. Jina la Agnesi lilibaki kanisani siku ile ile. Nyumbani, shambani, na naamini hata mbele za Mungu, aliitwa Moselantja, nasi tutamwita hivyo hivyo.

Alipokuwa na miaka minane baba yake alisombwa na mto uliofurika, na mama yake akanyolewa nywele na kuvikwa kitambaa cheusi cha wajane. Kwa desturi yetu mjane ana giza. Mpaka wakwe wamchinjie kondoo na kumvua kitambaa kile, hapewi mkono wala haguswi, na kanisani hukaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali ambapo upepo wa milimani hupita chini ya mlango kama mwenye nyumba. Katika Kanisa la Mtakatifu Barnaba benchi hilo lilikuwapo tangu wamisionari, na hakuna padre aliyethubutu kuuliza ni la nini. Mtoto Moselantja alikaa hapo mwaka mzima amejikunja katika blanketi la mama yake. Siku moja, katikati ya Litania, aliuliza kwa sauti iliyosikika mpaka madhabahuni, "Mama, na Mungu naye anatuogopa?" Mama yake akamwambia anyamaze. Swali lile halikujibiwa, akalibeba miaka hamsini.

Wito wake ulikuja siku ya Kipaimara, mwaka 1946. Askofu alikuwa mzee aliyepanda farasi siku mbili kuja kwetu, na alipomwekea mikono kichwani, msichana alilia. Wenzake walipomcheka alisema, "Nyie chekeni. Mimi tangu baba afe sijawekewa mkono na mtu wa kanisa." Tangu siku hiyo alijitoa kwa kazi za mikono katika nyumba ya Bwana. Ndiye aliyekusanya samadi na udongo mwekundu na kusiriba sakafu ya kanisa kila mwaka kabla ya Pasaka, akipiga magoti kutoka madhabahuni mpaka mlangoni, na chini ya benchi la wajane alisiriba mara mbili ili upepo upungue. Aliosha maiti ambazo wengine walizikwepa. Aliwapikia uji wagonjwa wasio na mtu, kisha akakaa nao mpaka waumalize, maana alijua uji ukiachwa mezani hupoa na mgonjwa hulala njaa.

Lakini msidhani kwamba alikuwa mtakatifu wa kwenye picha. Alipenda ugoro kupita kiasi, na chafya zake ziliwahi kukatisha mahubiri ya watu wakubwa. Hakuweza kuimba, tena hakuweza kwa sauti kubwa, hata kiongozi wa kwaya akamsihi kwa jina la Utatu aimbe moyoni, naye akajibu, "Moyoni nimeshaimba, sasa naimba nje." Mwaka 1952 aliolewa na Phakiso, katekista wetu, mtu mpole aliyeongoza sala za kila Jumapili kwa sababu padre alifika kwetu mara chache kwa mwaka. Mungu hakuwapa mtoto. Wakwe walisema mengi, na Phakiso aliwajibu mara moja tu kwamba yeye alioa mke, hakuoa ahadi. Waliishi hivyo kwa amani, na Umoja wa Mama, chama cha wanawake wa kanisa, ukamvika sare yake na kumkalisha benchi la mbele.

Basi ndipo kilipofika kitabu kipya cha ibada. Ilikuwa Jumapili ya Majilio ya mwaka 1990, wakati mahindi yanaanza kusimama. Padre Thesele, kijana mwenye furaha na haraka, alieleza kwamba kuanzia sasa, kabla ya kuandaa Meza ya Bwana, waumini watapeana amani kwa mkono. Watu waliona haya mwanzoni, kisha wakanogewa. Majirani ambao hawajasemezana tangu kesi ya ng'ombe walishikana mikono, na kanisa likawa na kelele kama mnada. Nyuma, karibu na mlango, alikuwa ameketi peke yake Mojabeng, binti mdogo ambaye mumewe alikuwa ameletwa kutoka migodini ndani ya sanduku. Alikuwa ameficha mikono yake ndani ya blanketi kabla hata mtu hajamkwepa, ili asimtie mtu aibu. Moselantja aligeuka akaiona mikono iliyofichwa.

Alitoka benchi la mbele akiwa na sare yake, akapita katikati ya kanisa lililokuwa likinyamaza safu kwa safu, akamfunulia Mojabeng blanketi, akamshika mikono yote miwili na kusema, "Amani ya Bwana, mwanangu." Mojabeng akasema, "Mama, una wazimu? Nina giza." Naye akamwambia, "Basi tutapapasa pamoja."

Alhamisi iliyofuata mvua ya mawe ilishuka kutoka mlimani na kulaza mashamba yote ya bonde. Hapa ndipo sisi watu wa Ha Lebitsa tulipofanya kosa letu, na nasema letu kwa sababu lilikuwa letu kweli kweli, lisilofanywa na mtu mwingine duniani. Tunajua tangu zamani kwamba mvua ya mawe hufuata desturi iliyovunjwa, hasa ya mauti. Watu wa tambarare wangetazama mawingu. Sisi tulitazama mkono wa mwanamke. Aliyelisema kwanza alikuwa Puseletso, dada yake chifu na mwenyekiti wa Umoja wa Mama, mwanamke aliyesimama wima hata akiwa amekaa. Alisema mbele ya akina mama wote, "Umeingiza giza ndani ya sare yetu. Ivue." Moselantja aliivua, akaikunja vizuri, akampa. Kisha akasema maneno ambayo watoto wetu wanayajua mpaka leo: "Dada, mwenzio akinyolewa, wewe tia maji." Puseletso alimwambia asimtabirie msiba. Lakini haukuwa utabiri wala laana, ulikuwa msemo tu. Na kila mke katika chumba kile aliingiza mkono chini ya kitambaa chake, akashika nywele zake.

Mateso yake yalidumu miaka mitatu. Alikaa benchi la mlangoni, kwanza na Mojabeng, kisha Mojabeng alipovuliwa kitambaa, yeye akabaki peke yake, akiwa na mume aliye hai. Wakati wa kupeana amani hakuna aliyemjia. Watu walimwendea Phakiso, wakamtaka amlazimishe mkewe kutubu hadharani, la sivyo wangehamia kanisa la jirani. Katekista alifikiri kidogo, kisha akasema, "Ndugu zangu, mimi mke huyu namjua. Nikimwambia arudi nyuma, atauliza, nyuma ya mlango kuna nini? Maana mbele zaidi ya hapo mmemnyima, na nyuma zaidi ya hapo ni nje." Baadhi walicheka bila kutaka. Baadhi walihama. Moselantja aliendelea kusiriba sakafu, kupika uji na kuimba vibaya. Alipoulizwa kama hana uchungu, alisema ndiyo, anao, tena mwingi, hasa siku za Alhamisi akisikia akina mama wakiomba bila yeye. Sitaificha huzuni hiyo ili kuupamba utakatifu wake. Alilia, na ugoro aliusingizia.

Mwaka 1993, mwezi wa kumi na mbili, mume wa Puseletso alianguka zizini akafa. Puseletso alinyolewa. Jumapili ya kwanza baada ya maziko aliletwa kanisani katika kitambaa cheusi, akapitishwa mbele ya akina mama wake, akaketishwa mlangoni kando ya mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimvua sare. Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele, wakati mbaya kuliko yote kwa mvua ya mawe. Chifu alikuwa ametuma ujumbe kwa Moselantja asubuhi ile, na mjumbe aliusema mbele ya watu: akimgusa mjane huyu na mawe yakashuka tena, yeye na mumewe watatoka Ha Lebitsa na nyumba yao itabomolewa. Phakiso aliusikia. Alimtazama mkewe, akarekebisha joho lake, akaingia kuongoza sala. Padre Thesele naye alikuwapo, na alipofika mahali pa kusema amani, akainama kugeuza kurasa za kitabu chake.

Puseletso alikuwa amezungushia mikono yake blanketi kwa nguvu. Moselantja akamwambia kwa sauti ya chini, ambayo kanisa zima liliisikia, "Nipe mkono."

"Sikupi. Watakufukuza, mjinga wewe. Hukusikia?"

"Nimesikia. Nipe mkono."

"Kwa nini mimi? Mimi niliyekuvua sare?"

"Sare ilikuwa inanibana. Puseletso, nimeketi hapa tangu nina miaka minane. Najua baridi ya hapa. Lete huo mkono."

Kikatoka kidole, ukatoka mkono. Moselantja aliushika, akauweka kwapani mwake kama mtu anavyopasha joto mikono ya mtoto, na wakakaa hivyo mpaka baraka ya mwisho.

Na mawe yalishuka. Nataka msomaji ajue hivyo, kwa sababu wako wanaosimulia siku hizi kwamba mawingu yaligawanyika na jua likawaka juu ya kanisa. Hayakugawanyika. Yalikuja Jumanne mchana na kuponda nusu ya bonde, shamba la Moselantja likiwa la kwanza. Kesho yake chifu aliita baraza. Moselantja alikuwa amekwisha funga blanketi mbili na chungu kimoja, na Phakiso alikuwa amempa jirani kuku. Watu walikuwa wamesimama kungoja hukumu alipotokea Puseletso na kitambaa chake cheusi, mahali ambapo mjane hakanyagi, akasimama mbele ya kaka yake.

"Kaka, hukumu hiyo itoe juu yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyesema mkono unaleta mawe. Mawe yalishuka mwaka uliozaliwa wewe, yakashuka mwaka alipokufa baba, na hapakuwa na mkono wa mtu. Nilijua. Nilisema vile kwa sababu niliogopa, siku yangu ikifika, kukaa pale mlangoni. Nimekaa. Na katika nyumba yote ya Mungu, palipokuwa na joto ni pale penye mkono wake."

Kisha, mbele ya baraza zima, akamnyoshea kaka yake mkono. Chifu alikuwa mtu mkubwa mwenye mashamba mengi, na nusu yake yalikuwa yamelala matopeni. Aliutazama mkono ule muda mrefu, halafu akamtazama dada yake, ambaye utotoni alikuwa akimfuta makamasi. Akaushika. Hukumu haikutolewa, na baraza likaisha bila kufungwa. Phakiso alirudi kudai kuku wake, jirani akasema amekwisha mla.

Jumapili iliyofuata waumini, pamoja na wengi waliohama, walisimama wakati wa amani na kuelekea mlangoni. Walikwenda kwa zamu, na Moselantja, aliyerudishiwa sare palepale, alipiga chafya kwa furaha mpaka Padre Thesele akakata tamaa ya kuendelea na utaratibu.

Phakiso alifariki mwaka 1999. Moselantja alipovaa kitambaa cheusi, hakupata kukaa peke yake hata Jumapili moja, na wa kwanza kumpa mkono alikuwa Mojabeng, ambaye wakati huo alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Mama. Naye Moselantja alilala katika Bwana mwezi Agosti mwaka 2007, katika baridi kali, Puseletso akiwa amemshika mkono. Maneno yake ya mwisho yalikuwa ya kuuliza kama mlango umefungwa vizuri, maana aliyeketi karibu nao anaumia. Alizikwa nje kidogo ya mlango wa kanisa, kama alivyoomba.

Ajabu zinazosimuliwa juu yake ni nyingi. Wapo wanaosema sakafu aliyoisiriba chini ya benchi lile haipati ufa. Mimi nimepiga magoti pale nikaitazama, nyufa zipo. Wapo mama wawili waliokuwa tasa, wakaomba kaburini pake na kupata watoto, na wote wawili wamewaita watoto hao Moselantja, wakamwacha padre wa sasa na shida ileile ya jina la mbwa. Hayo Mungu anayajua. Ajabu ninayoweza kuishuhudia ni moja. Kwa Mtakatifu Barnaba, hata leo, padre akishasema "Amani ya Bwana iwe nanyi daima," hakuna anayemgeukia jirani yake. Padre anashuka madhabahuni, anampita chifu, anawapita akina mama na sare zao, anakwenda mpaka benchi la mlangoni, na mpaka mkono wa huko ushikwe, mikono mingine yote inangoja.

Tumshukuru Mungu aliyetupa mkono ule. Nawe uliyesoma maisha haya, Jumapili ijayo, kabla hujamsalimia aliye karibu nawe, geuka kwanza utazame nani amekaa mlangoni.