Mkanda wa Gari la Mkurugenzi

Fundi alikuwa na dharau ya kugawia mtaa mzima na bado ikabaki ya akiba. Miaka kumi na tisa alikuwa akilala chini ya magari ya watu, akazijua kutu zote zilizofichwa na rangi inayong'aa, na hakuona sababu ya kuwastahi wenye magari hayo. Aliwadharau wanaonunua marashi ya gari kabla ya kununua oili. Aliwadharau wanaosema "limeanza leo tu, Fundi," wakati chuma kimelia miezi mitatu. Lakini dharau yake ya daraja la kwanza alimwekea shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe.

Mtaa mzima ulimwita huyo shemeji Mkurugenzi, ingawa hakuwahi kuongoza kitu. Alikuwa karani wa masjala, akapanga mafaili miaka thelathini, akastaafu na suti nne na sauti ya mtu anayesubiriwa kwenye kikao. Kwa kiinua mgongo chake alinunua gari dogo jeupe lililokwisha kutumika, na kila asubuhi aliliosha kama mtoto mchanga. Hata tundu la ufunguo alilipitishia kijiti chenye pamba.

Siku moja akalileta gereji. Si kwamba lilikuwa na ubovu. Alitaka lifungwe honi ya sauti mbili. Fundi aliifunga huku akiguna. Kisha, kwa kuwa boneti ilikuwa wazi, akalegeza kifuniko cha ubavuni mwa injini akachungulia mkanda wa taimingi, ule mkanda wa mpira wenye meno unaofanya sehemu ya juu ya injini izunguke sawia na ya chini. Mgongo wa mkanda ulikuwa na nyufa kama kisigino kisichojua mafuta.

"Shemeji, mkanda huu umekwisha. Ulibadilishwa lini?"

"Haujabadilishwa, na hauhitaji. Gari limetembea kilomita elfu sabini tu. Kitabu chake kinasema laki moja."

"Kinasema laki moja au miaka saba, kitakachotangulia. Gari lako lina miaka kumi na mmoja. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala."

"Mbona halina mlio wowote?"

"Mkanda haulii, unakatika. Ukikatika, valvu na pistoni zinagongana. Hapo hubadilishi mkanda tena, unabadilisha injini."

Mkurugenzi akawageukia wateja watatu waliokaa kwenye benchi. "Mnawasikia mafundi? Unakuja kufunga honi, wanakuuzia injini! Na huyu ni mke wa mdogo wangu. Hata sufuria nyumbani kwake inamshinda."

Wateja wakacheka. Fundi akafuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Haya, nenda," alisema. "Mbuzi ningemwambia mara moja angeelewa. Ila mbuzi hakukaa masjala miaka thelathini akisoma majalada bila kufungua faili."

Sasa wale wateja walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mkurugenzi akaondoka amevimba, honi ikilia kwa sauti zote mbili.

Mume wa Fundi, fundi cherehani mpole asiyependa makuu, alimsihi siku hiyo hiyo. "Mwambie tena, taratibu, mkiwa wawili tu. Ulimwaibisha mbele za watu, hawezi kukubali."

"Sikio la kufa halisikii dawa. Acha umkatikie, apate adabu."

Na kweli akaanza kuingojea siku hiyo kwa hamu. Hata maneno ya kusema alishayapanga.

Mkurugenzi aliishi na mama yao, bibi mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikuwa amesubiri miezi mitano kupangiwa siku ya upasuaji. Siku ilipofika, Fundi alikuja na pikapu yake, lakini Mkurugenzi alikataa katakata. Mama yake hapandi kopo linalonuka dizeli! Fundi akasimama getini, akamtazama mama mkwe akiupapasa mlango wa gari jeupe, akiingia na kupakata bahasha ya hospitali. Neno lilimjia mdomoni. Akajiambia ni kilomita kumi na nane tu, na mkanda uliovumilia miaka yote hiyo hautachagua leo. Akawafungulia geti.

Saa tatu simu ikalia.

"Limezimika kwenye mlima," alisema Mkurugenzi. "Petroli ipo."

"Usiliwashe tena!"

"Nimeshajaribu kama mara ishirini."

Fundi alimkuta kando ya barabara ndani ya suti, akiwaeleza wapita njia habari za petroli mbovu. Alipiga stata mara moja tu. Injini ikazunguka nyepesi, kama cherehani isiyo na uzi. Akafungua kifuniko, mkanda ulikuwa umelala chini vipande viwili, meno yamenyofoka. Akainuka na kile kipande mkononi, maneno yake ya miezi mitatu yakiwa tayari kwenye ulimi.

Mama mkwe ndiye aliyetangulia. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, uso umeelekea upande usio na mtu.

"Mwanangu, wewe ulijua?"

"Nilimwambia, mama. Mashahidi wapo."

"Ulimwambia yeye. Mimi nani aliniambia?"

Fundi akakishusha kile kipande cha mkanda.

"Mlikuwa mnashindana ninyi wawili," bibi alisema, "na abiria ni mimi."

Pikapu ilipanda mlima kwa kasi ambayo haikuwahi kuonyesha, lakini walipofika orodha ya upasuaji ya siku hiyo ilikuwa imefungwa. Muuguzi akawapa tarehe nyingine, baada ya miezi minne. Katika miezi hiyo bibi alijimwagia chai ya moto mkononi kwa kukikosa kikombe, na ni Fundi aliyekuwa akimfunga bandeji kila jioni. Ilipofika tarehe mpya, alimpeleka mwenyewe kwa lile kopo la dizeli. Bibi akarudi anaona.

Mkurugenzi aliliuza gari jeupe likiwa maiti, akanunua la buluu. Siku ile ile alipaza sauti juu ya ukuta unaotenganisha nyumba zao: "Hili lina cheni, shemeji! Chuma kitupu! Haibadilishwi milele!"

Fundi alimeza kijembe kilichokuwa kimeiva. Akaoga, akavaa nguo safi, akaenda kuketi naye sebuleni, wawili tu.

"Ni kweli, shemeji, cheni inaishi muda mrefu kuliko mkanda. Lakini inategemea oili. Ukiacha oili ikachafuka, cheni inaliwa na kulegea. Asubuhi injini ikiwa baridi, ukisikia kelele kama misumari ndani ya kopo, usiendeshe. Niite."

"Sawa, sawa, shemeji," alijibu Mkurugenzi, macho kwenye televisheni. Miezi minane ikapita bila kugusa oili.

Fundi akagundua kwamba kuna watu ambao asali na shubiri kwao ni mamoja. Na kwenye kiti cha mbele cha gari la buluu, kila wiki, alikuwa akiketi mama mkwe akienda kwa wajukuu. Basi, kila baada ya miezi michache, Mkurugenzi akijilaza baada ya chakula cha mchana, Fundi huingia kwa mlango wa nyuma wa banda la gari na galoni na spana zake. Bibi humpa ufunguo, kisha huketi barazani kulinda. Kwa nusu saa oili huwa imebadilishwa, sakafu imefutwa.

Juzi kinyozi alimhadithia alivyomsikia Mkurugenzi akijigamba kwenye kiti chake, povu shavuni: "Gari zuri halihitaji fundi. Mwaka wa pili huu sijabadilisha oili, na ukikichomoa kijiti cha kuipimia, iko safi kama asali. Ni utunzaji tu!"

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Alimdharau shemeji yake kwa moyo wake wote, kisha akavuka barabara kwenda kununua chujio la oili.